Asioge Hapa

Didia, Jumamosi, saa kumi na moja jioni

Mwanangu Kabula,

Salamu za kwenye barua nimeziruka. Mwandikaji yuko sebuleni, mwandikiwa ameenda kwa shangazi yake kuaga, na uji wa leo asubuhi tumeunywa kutoka sufuria moja. Sitaandika pia habari za blanketi, wala za kamba ya sanduku, wala za wezi wa Tabora mtakapobadilisha treni. Shangazi yako amekuhubiria hayo wiki nzima, na sauti yake unaijua, hata ng'ombe wa jirani sasa wanajua njia ya Dodoma.

Nimekaa hapa kwa jambo moja. Nimejaribu kulisema kwa mdomo mara tatu. Juzi nilikuita ukiwa unapepeta mchele, ukaja umejifuta mikono, ukasimama mbele yangu, na mimi nikakuuliza kama kuku wameingia. Saa nane mchana! Ukanitazama kama mtu anayemtazama mzee aliyeanza kuchanganyikiwa. Basi nimeona nichukue kalamu, maana kalamu haiangaliwi usoni.

Jumapili iliyopita shangazi yako alikuuliza tukiwa tunakula, kwa nini umechagua uuguzi na usiwe mwalimu kama wenzako. Ukajibu, "Kwa sababu ya mama. Mama angefuata alichoambiwa, leo angekuwa hai. Mimi mgonjwa akinifutia alama, namtimua wodini." Watu wakacheka, wakasema huyu atakuwa sista mkali. Mimi nikainamia sahani yangu nikatafuta mfupa ambao haukuwapo.

Kabula, mama yako hakufuta alama. Nilizifuta mimi, kwa mikono yangu hii. Na alichoambiwa hakikumfikia, kwa sababu wa kumfikishia nilikuwa mimi. Sitaki upande treni kesho ukiwa na hasira na mtu ambaye hana kosa, halafu ukaipeleka hasira hiyo kwa wagonjwa wa watu. Nimeshasema. Ukitaka kuichana barua, una haki, lakini nakuomba usome kwanza ilivyokuwa.

Unajua watu wa hapa wananiita Kamusi. Wewe umekua ukilisikia jina hilo ukadhani ni sifa tu. Mimi nilisoma shule ya kati enzi ambazo kijiji kizima tulikuwa wanne, nikapata ukarani wa kununua pamba, na pale kwenye mizani nilikuwa mfalme. Mkulima akija akasema "kalani, balua yangu iko wapi," namjibu, "Mimi ni karani, na hiyo ni barua. Kisukuma umekiacha nyumbani au umekuja nacho?" Foleni yote inacheka. Nami nilikuwa na msemo wangu, niliurudia kila siku kwa aliyekosea kujaza fomu: kuuliza si ujinga. Ukumbuke msemo huo, tutakutana nao mbele.

Mama yako alipoolewa nami alikuwa anajua Kiswahili kidogo, cha sokoni. Alijaribu. Alikuwa akisema "chakula tayali" na "nakwenda halusini", na mimi namsahihisha mbele ya wageni. Sikumtukana hata siku moja, nilikuwa natania, na nilidhani utani hauna jeraha. Mwaka wa pili wa ndoa akaacha kabisa. Alizungumza Kisukuma nyumbani, Kisukuma kisimani, na akija mgeni wa Kiswahili anaamkia "shikamoo", anatandika mkeka, ananyamaza. Watu wakasema mke wa karani ana adabu. Kumbe nilimfunga mdomo, sikujua hilo mpaka nilipokwisha kulilipia, na yeye akalipa zaidi yangu.

Ule uvimbe aliuona akiwa anaoga, ukubwa wa punje ya karanga, ziwa la kushoto. Akaniambia. Nikamuuliza, unauma? Akasema hauumi. Nikasema basi. Kwetu kisichouma si ugonjwa, mtu anajitangaza mgonjwa akishindwa kushika jembe, na mama yako alikuwa bado analima kunishinda. Ulipofika ukubwa wa yai la kanga tukaenda kwa mganga, akamchanja na kumpaka dawa ya majani. Zahanati nao wakasema ni jipu, wakampa sindano. Mwaka mzima ulipita hivyo, tukitibu vitu ambavyo havikuwapo. Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili, hukuambiwa kitu. Wazee wetu walisema mficha maradhi kifo humfichua, nasi tuliujua msemo huo na bado tukaficha.

Hospitali ya misheni ndiyo iliyosema neno lenyewe, saratani. Daktari alilisema kwa Kiswahili, mimi nikatafuta la Kisukuma sikulipata, nikamwambia mama yako ni kidonda cha ndani kinachotembea. Akaniuliza, "Kinatembea kwenda wapi?" Walimkata ziwa, kidonda kikapona vizuri, halafu wakatuandikia barua ya Dar es Salaam ili apigwe mionzi, maana wakati ule mashine hiyo haikuwako kwingine tulikoweza kufika. Hapa kijijini wakasema anakwenda kuchomwa umeme. Bibi yako alilia siku mbili.

Nilibeba kipande cha sabuni. Usicheke. Ilikuwa miaka ile ya uhaba, wewe mwenyewe ulifulia majivu na majani ya mpapai, shati langu la kazini lilikuwa na rangi isiyo na jina. Sabuni ile niliipata baada ya kupanga foleni mara nyingi, nikaifunga kwenye kitambaa, nikaiweka chini kabisa ya begi. Nilisema moyoni, mke wangu hataingia Dar es Salaam akinuka safari. Nilimpenda mama yako, Kabula. Naandika hivyo kwa sababu sikumbuki kama uliwahi kunisikia nikilisema.

Wodini walimlaza. Ijumaa walimwita chumba cha vipimo wakamchorea mistari kifuani, kuzunguka kovu, kwa wino wa zambarau, pamoja na alama kama za kujumlisha kwenye pembe. Mimi sikuyaona hayo. Niliwekwa nje ya pazia, kwa heshima, nikiwa mkalimani. Muuguzi alikuwa anasema kutoka ndani, mimi naipokea sauti na kuigeuza Kisukuma. Inua mkono. Geuka. Usitikisike. Nilijiona nina kazi kubwa. Mwishoni akasema, "Baba, mwambie mama asioge hapa mpaka tumalize matibabu."

Asioge hapa. Wewe unayesoma sasa hivi umeshaelewa, sivyo? Yeye alikuwa ameweka kidole kifuani kwa mama yako. Kidole sikukiona. Mimi nilisikia neno tu, na neno nilikuwa nalijua, nani alijue kama si Kamusi? Mabomba ya wodi ile yalikuwa makavu tangu tufike, wagonjwa wanaletewa maji kwa ndoo. Nikasema, ndiyo maana, maji hayatoshi, hawataki watu waoge humu. Nikamwambia mama yako kwa Kisukuma, "Humu wodini hairuhusiwi kuoga." Akauliza, "Mpaka lini?" Nikasema, "Mpaka umalize." Akashangaa. Wiki tano za matibabu bila kuoga? Mimi mwenyewe nilishangaa. Na hapo ndipo ningeuliza. Pazia lilikuwa hatua moja kutoka puani mwangu. Lakini ningeulizaje, nionekane mshamba nisiyeelewa sentensi ya maneno mawili? Kuuliza si ujinga ilikuwa dawa ya wakulima, siyo ya karani.

Jumamosi na Jumapili mashine haifanyi kazi, nao wakaruhusu mgonjwa atoke na ndugu. Nilikuwa nimefikia Magomeni kwa Masanja, yule kijana wa hapa anayefanya kazi reli. Nikampeleka mama yako kule, nikachota maji ndoo mbili, nikaingia naye bafuni uani kwa sababu mkono wa kushoto ulikuwa bado haunyanyuki. Nikatoa sabuni yangu. Aliinusa kabla sijaanza, akacheka.

Nilipofika kifuani akanizuia mkono. Akasema, "Acha hapo. Hapo wameandika."

Nikamwambia, "Hiyo ni dawa ya zambarau, kama ya zahanati. Ya zamani inaoshwa, kesho wanapaka mpya."

"Hawakupaka, Baba Kabula. Walikuwa wanapima, kama fundi wa nguo."

"Nani anajua Kiswahili kati yetu?" nikasema.

Akashusha mkono wake. Nikasugua. Wino ule ulikuwa mgumu, nikasugua kwa dodoki taratibu nisimuumize, mpaka ngozi ikabaki safi kama siku ile alipozaliwa. Nilijisikia mume bora Magomeni nzima.

Jumatatu niko tena nje ya pazia. Muuguzi akapaza sauti. "Nani amefuta? Mama, si nilisema usioge hapa? Hapa! Hapa! Hapa!" Akafungua pazia kwa hasira, na ndipo nikakiona kidole chake kikigonga kifua cha mama yako. Hapa. Nilielewa kila kitu kwa mara moja.

Akanigeukia. "Baba, ulimwambia?"

Nikasema, "Nilimwambia."

Maneno hayo yalikuwa kweli na yalikuwa uongo mtupu. Nilimwambia, ndiyo. Yule dada alikuwa kijana, amechoka, ana foleni mpaka nje, akamshukia mama yako. Alimwita mkaidi. Akasema watu wa bara ndivyo mlivyo, mnaletwa kutibiwa mnaharibu kazi, alama hizi anayezichora ni daktari mmoja na amesafiri. Mama yako alikuwa amekaa kitandani kifua wazi, kanga mapajani, anatazama mdomo wa muuguzi, halafu akanitazama mimi. Akaniuliza kwa Kisukuma, "Anasemaje?"

Hapa ndipo kalamu yangu imesimama kwa muda mrefu. Kuku wameingia kweli sasa, nimewasikia.

Nilimjibu, "Anakupa pole kwa safari ndefu."

Mama yako akashuka kitandani. Akapiga goti kidogo, kama wanavyofanya wanawake wetu, akamwambia yule dada, "Wabeja, mayu." Ahsante, mama. Muuguzi hakujua Kisukuma, lakini alijua mtu anayepiga goti huku anatabasamu. Akasema, "Na ananicheka!" Akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa hafuati maelekezo, nikamwona akiandika, nikasoma kichwa chini miguu juu. Nina macho mazuri ya kusoma.

Tulingoja wiki mbili na siku kidogo mpaka alama zikachorwa upya. Kisha mionzi ikaanza, na ikawa si umeme wala moto. Mama yako alisema unalala tu chini ya chombo kikubwa, kinavuma, unarudi kitandani. Haiumi siku ile. Kuungua kunakuja baadaye, ngozi inakuwa nyeusi na kuchubuka, chakula kinakuwa kama mchanga mdomoni, na uchovu ambao kulala hakuuondoi. Alivumilia yote. Zile alama alizilinda kama mtu anayelinda moto usizimike mvuani, alikuwa anajipangusa kwa kitambaa chenye maji kuzunguka mistari, hata tone lisivuke. Na wodi nzima bado inamwita yule mama aliyefuta alama. Masanja alikuja na hadithi hiyo likizo, akaisimulia kilabuni kama kichekesho, ikafika kisimani, na wewe ukaisikia huko. Nilijua umeisikia. Ulirudi na ndoo nusu ukamwuliza mama yako kama ni kweli. Akakujibu, "Alama zilifutika," akaendelea kusonga ugali. Mimi nilikuwa mlangoni.

Miaka mitatu aliishi baada ya hapo, na aliishi kweli. Unakumbuka alivyoshona kile kifuko cha kanga, akakijaza pamba, akakivaa ndani ya blauzi upande wa kushoto? Msimu wa kununua pamba alikuja hadi kwenye mizani mbele ya foleni, akaninong'oneza, "Karani, nipe ya kujaza. Na usinipe fifi ile chafu, mimi ni wa pamba safi." Nilicheka mpaka nikakosea kusoma uzito. Alilima, alisuka, alicheza ngoma harusini kwa binamu yako, kifuko kikamtoka akakiokota akaendelea kucheza. Ugonjwa uliporudi mgongoni tulikwenda tena, wakampa dawa za kuingiza kwenye mshipa, nywele zikaondoka zote, maumivu yakapungua msimu mmoja. Baada ya hapo vilibaki vidonge vya maumivu, na wewe. Ulimgeuza kitandani, ulimlisha, ulimwosha. Na bado ulikuwa na hasira naye, nilikuwa nakuona. Mtoto wa miaka kumi na sita hapaswi kubeba yote mawili, kumwosha mama yake na kumlaumu, na mimi ningeweza kukupunguzia moja kwa sentensi moja tu.

Nilikwenda peke yangu kumwuliza daktari, zile wiki mbili ndizo zilizomwua? Akanitazama sana. Akasema, "Mzee, ungeniuliza kuhusu ule mwaka mliokaa nyumbani na uvimbe, ningekujibu. Wiki mbili sijui." Sijui. Nimekaa na neno hilo mpaka leo. Kwa hiyo siandiki kwamba nilimwua mama yako, wala kwamba sikumwua. Wewe utasoma, labda siku moja utajua kuliko mimi. Na ukipapasa uvimbe kwenye mwili wako mwenyewe, hata mdogo wa punje ya karanga, usingoje uume. Hilo naliandika kama amri, na amri nimekupa chache maishani.

Sasa sikia la mwisho. Masika yale ya mwisho, nyie mko shuleni, alikuwa amekaa ukutani kwenye jua anabangua karanga. Mimi nasoma gazeti la zamani. Nikasikia sauti inasema Kiswahili. Nikainua kichwa kuona mgeni gani amekuja.

Mama yako aliweka kidole kifuani, palepale kwenye kovu, akasema, "Asioge hapa." Kisha akashusha kidole akagusa ardhi aliyokalia. "Asioge hapa." Akanitazama. "Kiswahili chenu kigumu, Baba Kabula. Hapa ni hapa, na hapa tena ni hapa."

Kulikuwa na mama mmoja wa Songea kitanda cha jirani. Katika wiki zile mbili za kungoja, yule mama alimfundisha Kiswahili, neno kwa neno, kwa vidole. Siku ya nne tu alikwisha kujua alichoambiwa, alichotukanwa, na nilichomtafsiria. Alijua alipiga goti kushukuru matusi. Na akarudi nyumbani na mimi, kwenye treni ile ile, akanigawia muhogo.

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwa Kisukuma, bila hasira, anaendelea kubangua: "Ningesema kwa lugha gani? Yangu hawaijui, na yenu ukinisikia unacheka." Nikalia, Kabula. Mwanamume mzima na gazeti mkononi. Akaningoja nimalize. Halafu akasema, "Na watoto nilihofia. Mimi naondoka, wewe unabaki. Wakikosa imani na wewe, watamshika nani?" Akasema nikueleze siku utakayoondoka kwenda kwenye maisha yako, si kabla. Na akaongeza, "Mweleze kwa maneno mepesi."

Ndiyo maana nimengoja miaka miwili, ingawa sitadanganya, sehemu ya kungoja ilikuwa woga wangu mwenyewe na nilijificha nyuma ya wasia wake. Sikuombi unisamehe kesho stesheni. Ukinipa mkono tu, nitaupokea. Ukininyima, nitakubebea sanduku hadi kwenye behewa vilevile.

Lakini kwa huko uendako nina ombi. Iko siku atakuja mbele yako mama wa kijijini ambaye amefuta, ameacha, amemeza vibaya, au ametabasamu wakati unamkaripia. Nyuma yake atasimama mume, au mtoto, au shemeji anayejua Kiswahili vizuri sana. Usimtazame huyo mkalimani kwanza. Mguse yule mama bega, fungua pazia, weka kidole chako mahali unapopasema, na umwulize mwenyewe, kwa Kiswahili chochote alichonacho, aliambiwa nini. Akisema "tayali" au "halusi", usicheke.

Nasikia sauti yako na ya shangazi yako zinakuja njiani. Nitaiweka barua hii ndani ya sanduku, chini ya kanga ya mama yako, ile niliyokifungia kile kifuko cha pamba ambacho ulidhani kimepotea. Nilikihifadhi mimi. Pamba yake ni safi, hakuna fifi.

Kwa miaka yote nimesahihisha watu kwenye mizani, na mwanamke mmoja nilimsahihisha mpaka akanyamaza. Kwa hiyo hii, mwanangu, naiandika alivyokuwa akiisema yeye, na asinisahihishe mtu.

Pokea balua ya baba yako.